Fundi wa Majina

Muhuri wa chuma una herufi moja tu kwenye ncha yake, na herufi hiyo imechongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Fundi anausimamisha juu ya bamba la shaba ya manjano, anausogeza mpaka ukae sawasawa kwenye mstari, anautuliza kwa vidole, kisha anapiga nyundo. Akipiga kwa woga, herufi inatoka hafifu. Akizidisha nguvu, shaba inabonyea na kuivuta herufi ya jirani. Muhuri ukiinama hata kidogo, upande mmoja wa herufi unazama na wa pili unaelea. Shaba haina kifutio, kilichopigwa kimepigwa. Akimaliza anauweka muhuri ule kando, anachukua mwingine, na kuanza herufi ya pili.

Kazi hii imekuwa mikononi mwa Michael Friedrichs-Friedlaender, mchongaji wa sanamu wa Berlin, tangu mwaka 2005. Mabamba anayoyagonga ndiyo uso wa yale mawe ambayo Wajerumani huyaita Stolpersteine, yaani mawe ya kujikwaa: vipande vya zege vya sentimita 9.6 kwa 9.6, kimo chake sentimita 10, vilivyovikwa shaba upande wa juu. Huzikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya nyumba aliyoishi mtu kabla Wanazi hawajaja kumchukua. Kila jiwe ni la mtu mmoja. Wengi wao ni Wayahudi, lakini wamo pia watu wa jamii za Waroma na Wasinti, wagonjwa na walemavu waliouawa hospitalini, Mashahidi wa Yehova, mashoga, na watu waliompinga Hitler kisiasa. Mwezi Mei 2023 jiwe la 100,000 liliwekwa mjini Nürnberg kwa ajili ya zimamoto aliyeitwa Johann Wild, na kazi haijasimama.

Mtu akisikia hesabu kubwa namna hiyo hudhani kwamba mahali fulani pana mtambo unaochapa majina usiku na mchana. Mtambo ungeweza kupatikana; viwanda vya kuandika juu ya chuma haviko mbali na Berlin. Ulikataliwa kwa makusudi. Mauaji yenyewe yalifanywa kwa mtindo wa kiwanda: orodha zilizopigwa taipu, treni zenye namba na ratiba, watu elfu moja kwa safari moja. Aliyeianzisha kazi ya mawe aliona kwamba jina la aliyeuawa hivyo haliwezi kurudishwa kwa njia ileile ya mkupuo. Lazima mtu akae nalo. Lazima mkono wa mtu ulifikie kila herufi.

Nimewasoma na kuwasikia wengi wakiyasifu mawe haya kama wazo. Mimi kinachonishika zaidi ni ufundi wenyewe, ule wa kukaa mezani na nyundo, kwa sababu nadhani wazo bila mkono huo lingechakaa mapema.

Mpangilio wa maandishi ni karibu uleule siku zote. Mstari wa kwanza husema HIER WOHNTE, hapa aliishi. Hufuata jina, halafu mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kusafirishwa kwa nguvu, mahali alikopelekwa, na mwishoni neno ERMORDET, ameuawa. Hakuna sifa wala aya ya maandiko. Bamba ni dogo, kama kiganja, na majina ya watu hayalingani urefu, kwa hiyo kabla ya kugusa nyundo fundi anazihesabu herufi na nafasi zilizo kati yake, kama mshona kofia wa Lamu anavyohesabu matundu kabla ya kutia sindano. Mwanamke aliyeolewa anaandikiwa na jina la kwao. Aliyejiua kabla ya kukamatwa hupewa maneno yanayosema kwamba alikimbilia mautini, na maneno hayo yalichaguliwa kwa uangalifu ili lawama isimwangukie yeye. Aliyenusurika huandikiwa kwamba alinusurika, na jiwe lake huwekwa pamoja na ya ndugu zake, kwa kuwa nia mojawapo ya kazi hii ni kuikutanisha tena familia iliyotawanywa, hata kama ni kwa shaba tu.

Maneno HIER WOHNTE yana herufi 10. Kwa mawe 1,000, hizo ni herufi 10,000 zilizopigwa kabla jina la mtu hata mmoja halijaanza. AUSCHWITZ, kambi ya mauaji walikopelekwa wengi wao, ina herufi 9. Sijui kama kuna binadamu mwingine aliyeliandika jina hilo kwa mkono mara nyingi kama fundi huyu, na kila mara kulikuwa na mtu wake.

Tuchukue familia moja. Kwenye barabara ya Skalitzer Straße, mtaa wa Kreuzberg, Berlin, treni ya mjini hupita juu ya nguzo za chuma katikati ya barabara na kelele yake huwafunika wapita njia. Mbele ya nyumba namba 32 yako mawe ya Auguste Bendheim na mwanawe Ralph. AUGUSTE BENDHEIM ni herufi 15. RALPH BENDHEIM ni herufi 13.

Ralph alizaliwa mwaka 1925. Baba yake, Arthur, alipigana upande wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza na kurudi na majeraha. Utumishi huo haukumsaidia kitu Wanazi walipoingia madarakani. Ndoa ilivunjika. Arthur akakimbilia Ubelgiji, vita ikamfuata huko, na mwaka 1942 alisafirishwa kutoka Ufaransa hadi Auschwitz, ambako aliuawa. Auguste alibaki Berlin na watoto wawili, Ralph na dada yake Margot. Alitafuta njia za kuondoka nchini, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa 1943 mama na watoto walikuwa na mpango mmoja uliobaki: kutoroka mjini kimyakimya. Siku waliyoichagua ilikuwa tarehe 20 Januari.

Siku hiyohiyo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walikuja wakamchukua Ralph. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Margot, aliyekuwa na miaka 21, alikuwa njiani kurudi nyumbani alipomwona mwanamume mmoja amesimama mlangoni pao. Wayahudi walilazimishwa kuvaa nyota ya manjano kifuani. Aliifunika kwa mkoba wake, akampita yule mtu, akapanda ngazi hadi kwa jirani wa juu. Huko akaambiwa kilichotokea. Baadaye akapewa vitu alivyoachiwa na mama yake: mkoba wenye kijitabu cha anwani na mkufu wa kaharabu. Mama hakuwepo. Alikuwa ameamua kwenda polisi mwenyewe ili awe na mwanawe popote atakapopelekwa. Kwa Margot aliacha ujumbe wa mdomo tu, kwamba ajitahidi kuyajenga maisha yake.

Tarehe 29 Januari 1943, Auguste na Ralph walipakiwa kwenye treni iliyokwenda Auschwitz. Hawakurudi.

Sasa rudi kwenye meza ya fundi. Ana bamba moja lenye nafasi ya mistari michache. Ataandika kwamba Auguste aliishi hapa, mwaka aliozaliwa, siku aliyosafirishwa, mahali alipouawa. Hana pa kuandika kwamba mwanamke huyu alitoka mahali alipokuwa salama, japo kwa saa chache, akaenda kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa waliokuwa wakimtafuta, kwa sababu kijana wa miaka 17 hakupaswa kwenda peke yake. Angeweza kujaribu kulisema hilo kwa neno moja la kusifu, na neno hilo lingeziba kila kitu. Ufundi wa bamba ni kuacha. Tarehe ikilingana kwenye mawe mawili yaliyopakana, anayesoma ataona mama na mwana wamekwenda siku moja, na ataanza kuuliza. Kufikia hapo fundi amemaliza sehemu yake.

Margot aliishi mafichoni Berlin kwa miezi 15. Alizipaka nywele zake rangi nyekundu, akavaa msalaba shingoni, akalala leo kwa huyu kesho kwa yule, kwa watu waliojua kwamba wangeuawa wakigundulika. Mwaka 1944 alikamatwa na kupelekwa kambi ya Theresienstadt. Huko alimkuta Adolf Friedländer, mtu aliyemfahamu tangu Berlin. Wakaoana kambi ilipokombolewa, na mwaka 1946 wakahamia New York. Mumewe alifariki mwaka 1997. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 88, Margot Friedländer alirudi kuishi Berlin, akaanza kuzunguka shule kuwasimulia watoto wa Kijerumani habari za mama yake na Ralph. Aliendelea mpaka mwisho. Alifariki Berlin tarehe 9 Mei 2025 akiwa na miaka 103.

Mwanzilishi wa mawe haya ni msanii Gunter Demnig, aliyezaliwa Berlin mwaka 1947. Nayo njia yake kufika kwenye herufi mojamoja ilikuwa ndefu. Mwaka 1990, mjini Köln, alitengeneza gurudumu lenye maandishi na kulisukuma barabarani likichapa rangi chini, kufuata njia waliyopitishwa Waroma na Wasinti 1,000 waliofukuzwa mjini humo Mei 1940. Ni yeye mwenyewe aliyesimulia kwamba bibi mmoja mzee wa mtaa alimwambia hapakuwahi kuwa na watu wa aina hiyo pale. Bibi yule hakuwa akidanganya. Walikuwa majirani zake na hakujua kamwe kwamba ni Waroma. Gurudumu lilisema elfu moja. Halikusema nani, wala nyumba ipi. Ukitazama mlolongo wa kazi zake unaona jinsi kipimo kilivyozidi kupungua: kutoka njia nzima ya mji hadi mlango mmoja, kutoka watu elfu hadi mtu mmoja.

Tarehe 16 Desemba 1992, miaka 50 kamili tangu Himmler, mkuu wa polisi wa Wanazi, atoe amri ya kuwapeleka Waroma na Wasinti Auschwitz, Demnig aliweka jiwe la kwanza mbele ya ukumbi wa mji wa Köln. Lilikuwa na maneno ya mwanzo ya amri hiyo. Majina yalifuata. Mwaka 1996 aliweka mawe kadhaa kwenye Oranienstraße, Kreuzberg, bila kibali cha mtu yeyote, na mamlaka zikaja kuyakubali baadaye. Kwa miaka mingi alifanya yote peke yake, kupiga herufi, kumwaga zege, kuendesha gari, kuchimba. Maombi yalipozidi ndipo Friedrichs-Friedlaender akachukua nyundo, na kazi ikawa na mikono miwili yenye tabia moja.

Kabla ya nyundo kuna kazi nyingine ya uvumilivu ambayo haipati sifa inayostahili, nayo ni ya kutafuta. Jiwe haliji lenyewe. Mtu analiomba: mjukuu aliyeko Haifa au Buenos Aires, mwalimu na darasa lake, mpangaji aliyejiuliza nani alilala chumbani kwake. Anayeomba hulipia jiwe, na bei imekuwa kama euro 120, kiasi ambacho darasa la wanafunzi linaweza kuchanga. Kisha wanaingia kwenye makabrasha. Kuna sensa ya tarehe 17 Mei 1939, iliyouliza kama babu au bibi yeyote wa mtu alikuwa Myahudi. Kuna orodha za treni. Kuna hifadhi ya Arolsen, yenye nyaraka zinazowagusa watu takriban milioni 17.5. Na mjini Potsdam kuna fomu za mali: kila Myahudi wa Berlin aliyepangiwa kusafirishwa alipewa kurasa 16 za kujaza, aorodheshe meza, mapazia, vijiko na nguo za ndani, ili serikali ijue itachukua nini atakapokwisha kuondoka. Mwandiko uliomo mara nyingi ni wa yule mtu mwenyewe, na kwa wengine ndiyo maandishi yao ya mwisho yaliyobaki duniani.

Mtafutaji mzuri anajua pa kuziamini nyaraka hizi na pa kuzikatalia. Kuanzia Januari 1939 Wanazi waliwalazimisha wanaume wa Kiyahudi waongeze jina la Israel na wanawake waongeze Sara, ili mtu atambulike kwa jina tu. Majina hayo ya kubandikwa yamejaa kwenye kila karatasi. Kwenye shaba hayaingii. Mtu anarudishiwa jina alilopewa na wazazi wake. Kazi hii imewahi kukosea pia: kwenye mawe kadhaa yaliandikwa mashtaka kwa lugha ya Wanazi wenyewe, ndani ya alama za kunukuu, na jamaa za waliouawa wakauliza kwa nini tusi la muuaji ligongwe mbele ya nyumba ya marehemu. Walikuwa na haki. Alama mbili ndogo haziwezi kulibeba tusi hilo, hasa mtu anaposoma akiwa anatembea.

Bamba likikamilika kingo zake hukunjwa na kushikamana na zege, na jiwe linakuwa tayari kwa safari. Siku ya kuliweka, Demnig, katika kofia yake yenye ukingo mpana, hupiga magoti. Huondoa mawe ya kawaida ya njia, huchimba, hushusha jiwe jipya, hulipima lilingane na uso wa njia, maana jina la kujikwaa lisikudanganye: hakuna anayekusudiwa kuanguka. Hujaza mchanga na saruji pembeni, hugonga taratibu kwa nyundo ya mpira, humwaga maji, hufagia, hufuta shaba kwa kitambaa. Mara nyingi hasemi lolote. Familia husema kama zina la kusema. Wengine husoma Kaddish, sala ya Kiyahudi kwa ajili ya marehemu, wengine huweka waridi na kusimama tu. Yeye hukusanya vyombo vyake na kwenda kwenye mlango mwingine. Jiwe la Johann Wild lilipowekwa, Demnig alikuwa na miaka 75, na magoti yake yalikuwa yamezoea vijia vya takriban nchi 30.

Si kila mtu anayeyataka mawe haya, na mpinzani mashuhuri kuliko wote si mtu wa kupuuzwa. Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa München, alizaliwa mwaka 1932 na alinusurika kwa kufichwa na familia ya Wakatoliki kijijini. Anasema watu hawa walikanyagwa walipokuwa hai; majina yao yasiwekwe tena chini ya viatu, kwenye matope na mikojo ya mbwa. Halmashauri ya München ilikataa mawe kwenye ardhi ya umma mwaka 2004, ikashikilia uamuzi huo mwaka 2015, na tangu 2018 mji huo una njia yake: vibao ukutani na nguzo za chuma zenye majina, kwenye kimo cha macho. Demnig kwa upande wake husema anayetaka kusoma jiwe lazima ainame, na kuinama ni heshima. Hata hivyo mimi siwezi kumjibu Bi Knobloch. Nayapenda mawe kwa sababu ya mkono ulioyatengeneza, lakini mtu aliyeyaona mateso yale akiwa mtoto ana haki ya kusema jina la ndugu yake liwekwe juu. Ni vizuri kwamba njia zote mbili zipo.

Wapo pia wanaoyachukia kwa sababu nyingine. Novemba 2012, usiku wa kukumbuka siku ile ya mwaka 1938 masinagogi yalipochomwa, mawe yote 11 ya mji wa Greifswald yaling'olewa. Oktoba 2024 mawe yote 10 ya Zeitz yaliibwa. Watu wakachanga, mapya yakatengenezwa. Hapa ndipo uvumilivu wa karakana unapoonekana kwa sura nyingine, kwa kuwa jiwe la kufidia halina njia ya mkato. Jina lililokwisha kupigwa mara moja linapigwa tena tangu H ya kwanza.

Na kuna jiwe moja la Berlin ambalo msomaji wa Kiswahili hapaswi kulipita. Liko Brunnenstraße 193, karibu na Rosenthaler Platz, na liliwekwa mwaka 2007. Si la Myahudi. Ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtoto alipoingia na baba yake katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akafanya kazi ya uhudumu wa mezani, akaigiza kwenye filamu, na kwa miaka kadhaa akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Lugha hii tunayosomea makala hii ilisikika kwenye vyumba vya Berlin ya Hitler kwa sauti ya mtu wa Dar. Mwaka 1941 alikamatwa, kosa lake likiwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Fundi aliyepiga majina ya Wayahudi wa mtaa ule alikutana na jina MAHJUB BIN ADAM na kulipa uangalifu uleule, herufi kwa herufi, katika bamba lenye ukubwa uleule.

Kutoka Rosenthaler Platz unapanda treni ya U8 moja kwa moja hadi Kottbusser Tor, na hapo Skalitzer Straße iko mbele yako. Ndugu zetu wanaoishi Berlin wanaweza kwenda kwa Mahjub na kwa akina Bendheim asubuhi moja, na ni vizuri wasiende mikono mitupu. Shaba ikikaa nje inashika kutu ya rangi ya kahawia na mwishowe inakuwa nyeusi, hasa kwenye barabara tulivu zisizo na nyayo za kuisugua, na jina huzama humo mpaka lisisomeke. Wenyeji huyasafisha zaidi tarehe 9 Novemba, siku ile ya masinagogi, na tarehe 27 Januari, siku ya kuwakumbuka waliouawa, lakini hakuna siku iliyokatazwa, wala kibali hakihitajiki.

Chukua chupa ya maji, sifongo laini, dawa ya kung'arishia shaba inayouzwa madukani, na vitambaa viwili vikavu. Osha vumbi kwanza, kwa sababu mchanga ukisuguliwa juu ya shaba unaikwaruza. Tia dawa kidogo, iache dakika chache ifanye kazi, kisha sugua kwa mzunguko bila kukandamiza, ukitumia ncha ya kitambaa kuingia ndani ya herufi. Suuza, kausha. Brashi ya waya usiiguse. Inakula kingo za herufi, na kingo hizo zilipigwa mara moja tu.